Nyota Juu ya Kijiji: Maoni juu ya Foto za Usiku za Vijijini Mwetu

Kuna aina moja ya foto ambayo imeenea sana siku hizi, ukutani mwa hoteli, mu kalenda za mashirika na ndani ya telefone za vijana. Chini kuna kilima, nyumba moja ya udongo, ao mti uliobaki peke yake. Juu, mbingu imejaa nyota kupita kiasi, na ile Njia ya Maziwa imesimama kama moshi mweupe unaotoka jikoni. Hakuna mtu. Chini wanaandika "Usiku wa Kivu" ao "Afrika usiku", basi imekwisha.

Watu wakiona foto hiyo wanasema: ni nzuri. Sisi hatukatai. Mtu aliyekaa inje usiku kucha, kwenye baridi ya milima, kusudi atuletee mbingu yetu, amefanya kazi na anastahili shukrani. Lakini kijitabu cha mila kinapashwa kuuliza swali la pili: foto hii inasema nini juu ya usiku wetu? Maana kwetu usiku si saa tupu kati ya mangaribi na asubui. Usiku una kazi zake: kuna hadithi za usiku, uvuvi wa usiku, matanga, ulinzi wa shamba, na kuna makatazo pia. Anayepiga foto ya kijiji usiku anagusa mambo hayo yote, hata kama yeye alikuwa anatafuta nyota tu. Ndiyo sababu tunaona vizuri kuzichunguza foto hizi kama tunavyochunguza ngoma, masimulizi ao vinyago.

Namna foto hizi zinavyotengenezwa

Kabla ya kuhukumu kazi, inapashwa kuijua. Mchana, apareyi inafungua jicho lake kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Usiku wa nyota mwangaza ni kidogo mno. Kwa hiyo apareyi inawekwa juu ya miguu mitatu isitikisike, na jicho linabaki wazi sekunde 15, 20 ao 25. Haliwezi kubaki wazi muda mrefu zaidi bila shida, kwa sababu dunia inazunguka: kila saa mbingu inasogea digri 15, na nyota iliyokuwa nukta inaanza kuwa mstari. Wapiga foto wana hesabu yao nyepesi: wanachukua 500 na kuigawanya kwa urefu wa lenzi. Lenzi ya milimita 20 inatoa sekunde 25. Lenzi ya milimita 50 inatoa sekunde 10 tu. Apareyi za sasa, zenye kuonesha hata kitu kidogo sana, zinadai muda mfupi kuliko huo, lakini hesabu inatosha kuonesha ginsi mambo yanavyokwenda.

Mtazamaji anapashwa kukumbuka mambo mawili hapo. La kwanza ni rangi. Mu giza kali, jicho la mtu halitofautishi rangi vizuri. Linaona weupe, weusi na kijivu. Ile zambarau na ile rangi ya machungwa tunazoziona katika foto za Njia ya Maziwa zimekusanywa na apareyi kwa sekunde nyingi, kisha mara nyingi zimeongezewa nguvu mu ordinateri. Si uongo, kwani mwangaza huo uko kweli mbinguni. Lakini hakuna mzee hata mmoja wa kijiji aliyeiona mbingu ya namna hiyo kwa macho yake. Mbingu ya wazee ilikuwa ya fedha, si ya zambarau.

La pili ni zito zaidi, nalo ni juu ya watu. Apareyi ikikaa wazi sekunde 25, kitu kisichosogea kinaandikwa, na kinachosogea bila taa kinapotea. Mama akivuka kiwanja na ndoo ya maji kichwani, mtoto akikimbia kwa jirani kuomba moto, mlinzi akizunguka shamba la mihogo, wote hao wanapita mbele ya apareyi na hawaachi hata kivuli. Nyumba inabaki, mti unabaki, mlima unabaki. Kwa hiyo ule utupu tunaousifu, ule "ukimya wa kijiji", kwa sehemu kubwa umetengenezwa na ufundi wenyewe. Kijiji hakikuwa kitupu. Ni apareyi iliyokuwa polepole kupita watu wake.

Mpiga foto mwenye akili anajua jambo hilo na analishinda. Anaomba watu wakae karibu na mafiga dakika moja bila kusogea. Ao anaacha mtu apite na taa mkononi, na taa inachora mstari wa mwangaza toka mlango hadi kisimani; mstari huo unatuambia kwamba kuna mwenye kutembea hapa. Kuna tofauti kubwa kati ya aliyeshindwa kuwaonesha watu na yule ambaye hakuwatafuta hata kidogo.

Mbingu ya kwetu

Shida nyingine ni ukweli wa mbingu yenyewe. Mwenye kuishi Butembo ao Beni yuko karibu kabisa na ikweta. Goma na Bukavu ziko kusini yake kidogo, chini ya digri 3. Maana yake, ncha ya mbingu ambayo nyota zinaizunguka haiko juu ya kichwa chetu wala katikati ya anga. Iko chini, inagusa vilima. Ukitazama mashariki, nyota zinapanda wima, sawa vile mtu anavyopanda ngazi. Ukitazama kusini, zinachora nusu-duara kama upinde wa mvua. Ukiziacha zijiandike kwa saa moja ao mbili, ndivyo foto ya kwetu itakavyokuwa: mistari iliyonyooka upande wa mashariki na wa mangaribi, matao upande wa kusini na wa kaskazini.

Sasa tazama zile foto zenye maduara mazima, kama nyuzi za santuri, yamezunguka nyota moja iliyo juu sana ya nyumba ya majani, na chini imeandikwa jina la kijiji cha kwetu. Mbingu ya namna hiyo ni ya Ulaya ao ya Marekani ya kaskazini. Mtu amekata nyumba huku na amekata mbingu kule, kisha amevibandika pamoja. Mtazamaji wa kwetu, hata akiwa hajasoma elimu ya nyota, anahisi kuna kitu kisichokaa sawa, ila hajui kukitaja. Leo tunakitaja: mbingu hiyo imeazimwa.

Kubandika foto si dhambi. Sammy Baloji wa Lubumbashi, aliyezaliwa mwaka 1978, alifanya kazi hiyo waziwazi katika mfululizo wake "Mémoire" wa mwaka 2006. Alichukua watu wa foto za zamani za ukoloni, akawasimamisha mbele ya viwanda vya Gécamines vilivyochakaa. Kila mtu anaona kwamba wamebandikwa, na hapo ndipo kuna nguvu ya kazi hiyo: mshono unaonekana, na unatulazimisha kuuliza nini kilichotokea kati ya nyakati hizo mbili. Katika foto ya mbingu ya kuazima, mshono umefichwa. Baloji anabandika kusudi tukumbuke. Huyu anabandika kusudi tusiulize.

Kuna pia majira. Katikati ya Njia ya Maziwa, ile sehemu nene yenye kung'aa, inakuwa juu sana mangaribi ya Juni, Julai na Agosti, wakati wa kiangazi chetu. Ni wakati ule ule ambao watu wanachoma majani ya mashamba, na moshi unalala juu ya mabonde. Wakati wa mvua, hewa inakuwa safi baada ya radi, lakini mawingu ni mengi. Kwa hiyo foto ya kweli ya Julai mara nyingi ina utando kidogo pembeni, chini, karibu na vilima. Wengi wanaufuta utando huo mu ordinateri, wakisema unaharibu. Sisi tunaona kwamba wanafuta habari: moshi ule ni wa mkulima anayetayarisha shamba kabla ya mvua za Septemba.

Waliotangulia

Foto ya usiku wa vijijini haikuanguka toka mbinguni. Ina ndugu zake wakubwa. Casimir Zagourski, Mpolandi aliyefungua studio Léopoldville katika miaka ya 1920 na kufa mwaka 1944, alipiga foto za watu na mandhari za sehemu nyingi za inchi, na kuziuza kama kadi chini ya jina lenye maana "Afrika inayotoweka". Ufundi wake ni mkubwa. Lakini jina lile linaeleza jicho lake: alikuwa anapiga foto ya kitu ambacho moyoni alishakiaga. Foto nyingi za leo za nyumba moja ya majani chini ya nyota zimerithi jicho lile bila kujua. Zinachagua nyumba ya majani na kuacha ile ya mabati iliyo hatua kumi pembeni, kwani mabati yanasema "leo", na foto inataka kusema "zamani".

Upande mwingine kuna Jean Depara (1928-1997), aliyezaliwa Angola na kufanya kazi Kinshasa. Yeye ndiye fundi wetu wa usiku. Katika miaka ya 1950 na 1960 alizunguka baa na ngoma za mji, akimfuata pia Franco, na flashi yake ilikuwa inapiga watu usoni: wanacheka, wanacheza, wanaringa. Usiku wa Depara umejaa watu na hauna nyota hata moja. Flashi inaangaza mita chache tu. Nyuma yake yote ni nyeusi. Kwa hiyo tumerithi usiku wa namna mbili: usiku wa mji wenye watu bila mbingu, na usiku wa kijiji wenye mbingu bila watu. Mpiga foto atakayeviunganisha viwili hivi atakuwa ametufanyia kazi ambayo bado inangojewa.

Na hapa Kivu tuna mlima. Haroun Tazieff alilitazama ziwa la moto la Nyiragongo tangu mwaka 1948, na filamu yake "Les Rendez-vous du diable" ya mwaka 1959 iliwazoeza watu wa mbali kuona volkano kama maonesho makubwa. Baada yake walikuja wengine, kama Carsten Peter wa Ujerumani, ambaye foto zake zilitoka katika National Geographic mwaka 2011, na Olivier Grunewald wa Ufaransa. Kwa upande wa ufundi, hatuna la kusema: kushuka ndani ya shimo la mlima wa mita 3,470, katika joto na gazi, na kurudi na foto safi, ni ushujaa. Foto zao za ziwa la lava la miaka ya kabla ya 2021 sasa ni kumbukumbu, kwani ziwa lile lilimwagika na mlipuko wa 22 Mei 2021.

Lakini angalia kilicho ndani ya fremu: moto mwekundu, na mtu mmoja mdogo sana pembeni, mgeni aliyekuja kutazama. Goma haionekani, na iko chini pale. Kwa mtu wa Goma, ule wekundu wa usiku juu ya mlima haukuwa picha. Ilikuwa ni kitu cha kutazamwa kabla ya kulala, kama mtu anavyotazama mlango kama umefungwa. Mwaka 1977 lava ilishuka kwa muda mfupi sana na kuua watu vijijini. Tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na watu mamia ya maelfu wakakimbia. Wazee wanasema mlima ule ni makao ya mizimu. Mwanasayansi wa Observatware ya Volkano ya Goma anasema una nyufa na mitetemeko. Wote wawili wanautazama kwa heshima, na wote wawili hawasahau walio chini. Foto inayousahau mji imeona nusu ya mlima.

Tunaweza kumtaja pia Richard Mosse wa Ireland. Yeye hakupiga nyota, lakini swali ni moja. Kazi yake "The Enclave", iliyooneshwa Venezia mwaka 2013, ilitumia filamu iliyotengenezwa kwa ajili ya jeshi, yenye kuona mwangaza ambao jicho halioni, na majani yote ya Kivu yakawa na rangi ya waridi. Wengine walikasirika: vita vyetu vimepakwa rangi ya harusi! Sisi tunaona kwamba Mosse alikuwa mkweli kuliko wengi, kwa sababu ile rangi inapiga kelele kwamba si ya kweli, hakuna anayedanganyika. Zambarau ya Njia ya Maziwa inafanya kazi ile ile kwa sauti ya chini, na mtazamaji anaimeza kama ukweli.

Taa za sambaza

Tuje sasa kwenye foto ambazo tunazipenda kupita zote: zile za wavuvi wa ziwa Kivu. Mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu uko kati yake, na taa zinaangaza maji kusudi sambaza wapande. Toka mlimani, usiku, ziwa linaonekana kama mbingu ya pili.

Uzuri wa foto hiyo una sababu ambayo wengi hawaitaji. Mpiga foto wa nyota anakimbia mbalamwezi, kwani mwezi mzima unafunika nyota ndogo. Mvuvi wa sambaza naye anaukimbia mwezi mzima, kwa sababu maji yote yakiangazwa, samaki hawaifuati taa tena. Kwa hiyo kalenda yao ni moja: usiku wa giza. Siku ambayo nyota ni nyingi juu, ndiyo siku ambayo taa ni nyingi chini. Hapa mbingu si pambo lililowekwa nyuma ya kazi ya watu. Mbingu ndiyo inayopanga kazi ile, inamwambia mvuvi leo toka, kesho baki ushone nyavu. Foto hiyo inakuwa somo la mila bila kuandika neno moja.

Na hata hapo inapashwa kuwa waangalifu na neno "mila ya mababu" ambalo linapenda kuandikwa chini ya foto hizo. Sambaza hawakuwa wa ziwa Kivu. Waliletwa toka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na uvuvi wa taa ukakua baadaye. Ni mila changa, ambayo wazee wetu waliokuwa vijana waliiona ikizaliwa. Tena inabadilika: taa za mafuta zenye mwangaza wa manjano zinaachia nafasi taa za batri zenye mwangaza mweupe, na mtu akilinganisha foto ya zamani na ya sasa anaona mabadiliko hayo kwa rangi tu. Hatuoni aibu kwa hilo. Mila inayoweza kupokea samaki mgeni na kumtungia nyimbo za kupiga kasia ni mila yenye afya. Lakini kuiita ya milele ni kuinyima historia yake.

Mbingu ilikuwa inasema nini

Wengine watauliza: kwani wazee wetu walitazama nyota kweli, ao ni sisi tunaojifunza toka kwa wageni? Jibu liko katika hazina zetu wenyewe.

Katika inchi ya Wanyanga, pande za Walikale, kuna masimulizi makubwa ya Mwindo, ambayo mzee Candi Rureke aliyasimulia katika miaka ya 1950 na ambayo Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliyatoa kitabu mwaka 1969. Mwishoni mwake Nkuba, bwana wa radi, anamnyakua Mwindo na kumpeleka juu, kwa sababu shujaa amejivuna na kuua kiumbe rafiki yake Nkuba. Kule juu anakutana na Mvua, Mwezi, Jua na Nyota, na kila mmoja anamkaripia. Anarudi duniani amenyenyekea, na sheria mpya juu ya kuheshimu uhai. Kwa Wanyanga, mbingu si pazia zuri. Ni baraza, ni fasi ambayo mkubwa anaenda kufundishwa kwamba yeye si mkubwa.

Kuna pia Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana. Jina lenyewe linatoka katika kulima, na mzizi huo umetembea mbali na Wabantu, hadi kwa Waxhosa wa Afrika ya Kusini wanaosema isiLimela. Kilimia kinapotea ndani ya mwangaza wa jua mwezi wa Mei, kinarudi alfajiri mwezi wa Juni, na kufikia Novemba kinapanda mashariki giza linapoingia. Mkulima aliyekijua hakuhitaji kalenda ya karatasi. Katika foto za siku hizi Kilimia kimo mara nyingi, pembeni, kidogo kama chapa ya kidole, na hakuna anayekitaja chini ya foto. Wote wanatazama Njia ya Maziwa kwa sababu ndiyo kubwa.

Na tukienda nyuma kabisa, kuna mfupa wa Ishango, uliochimbuliwa mwaka 1950 na Jean de Heinzelin pale Semliki inapotoka ziwa Edouard. Una karibu miaka 20,000, na alama zilizokatwa kwa vikundi. Wengine wanaona ndani yake hesabu tupu. Alexander Marshack aliona hesabu ya miezi inayoandama. Mabishano yangali. Ila mfupa wenyewe uko Brussels, na mtoto wa Ishango hawezi kuushika. Ni mfano wa kile tunachoogopa kwa foto: kitu chetu cha usiku kikichukuliwa, kikahifadhiwa vizuri sana, fasi ambayo sisi hatufiki.

Giza: sifa ao aibu?

Sasa tufike penye kidonda. Nyota zinaonekana wazi vijijini mwetu kwa sababu hakuna umeme. Mtu wa Ulaya anasafiri mbali kutafuta giza kama letu, kwa sababu taa za miji yake zimeua nyota. Anapofika anasema: mna bahati! Lakini giza lile lile linamkuta mkunga anayezalisha kwa tochi ya telefone, na mwanafunzi anayefunga daftari saa kumi na mbili na nusu za jioni. Foto inayosifu giza na kunyamaza juu ya mkunga ni foto yenye uongo, hata kama kila nyota iko pahali pake.

Wengine wanaruka upande wa pili. Wanasema giza ni aibu, foto hizi zinatuonesha maskini, heri tupige foto za majengo. Nao tunawapinga. Kukosa umeme ni umaskini; kuijua mbingu ni utajiri; vitu hivi viwili vinakaa nyumba moja lakini si kitu kimoja. Umeme unapashwa kuja, na fasi zingine umeanza: kituo cha Matebe, upande wa Rutshuru, kilifunguliwa mwaka 2015. Taa ya barabarani ikifunikwa juu na kutazama chini, inaangaza miguu ya mtu na kuacha nyota. Tunaweza kuchagua hilo kabla ya kuweka nguzo, wakati Ulaya inalitafuta baada ya kupoteza.

Na kuna giza lingine, la vita. Kivu tunajua tangu miaka ya 1990 kwamba wengi walishambuliwa usiku. Januari 2025 M23 iliingia Goma, na Februari ikaingia Bukavu. Vijiji vingi vilikuwa vimeshakimbiwa. Mtu anayesimama mlimani saa nane za usiku na kitu cha miguu mitatu anaweza kuuawa kwa kudhaniwa ana silaha. Hata wakati wa amani, anayetembea usiku bila kuaga anaulizwa: "Weye ni nani? Unatafuta nini na usiku hii?" Swali hilo si ujinga wa wanakijiji, wala si uchawi tu wanaouogopa. Ni sheria ya ulinzi. Kwetu mtu wa usiku anajitaja. Mpiga foto anayekwenda kwanza kwa shefu wa kijiji, akaeleza kazi yake na kuomba mtu wa kumsindikiza, anafuata sheria hiyo, na mara nyingi foto yake inakuwa bora, kwa sababu yule msindikizaji anajua jina la kilima na anajua nyumba gani wanachelewa kulala.

Tunaomba nini

Hatuombi foto hizi zikome. Tunaomba zipigwe na vijana wa hapa, na zihukumiwe kwa vipimo vya hapa. Mbele ya foto ya usiku, msomaji aulize: Mbingu hii ni ya kwetu, na ya mwezi gani? Mwangaza ulio chini ni wa nini: mafiga, taa ya mvuvi, telefone, mlima? Watu wako wapi, na kama hawapo, nani aliwaondoa? Kilima kina jina? Wenye nyumba waliulizwa? Foto inayojibu maswali haya inaweza kuwa na nyota chache na moshi mwingi, na bado tutaiweka mbele ya ile ya hoteli.

Katika makabila yetu mengi hadithi haisimuliwi mchana; mtoto akiomba, anaambiwa angoje giza. Hiyo ndiyo sababu ya mwisho ya kushughulika na foto hizi. Kijana akishapiga foto, aitoe kwenye karatasi, airudishe kijijini, akae na wazee karibu na moto na kuwaomba watie kidole juu ya kila nyota wanayoijua na kuitaja. Mwingine aandike majina hayo, kila moja katika lugha yake. Chama chetu kiko tayari kuyapokea na kuyachapisha katika kijitabu kitakachofuata, pamoja na foto zenyewe, jina la kilima na mwezi ambao zilipigwa.